Mlango wa Chumba cha Mashine Ufunguliwe

Mwaka jana, katika mwezi wa Oktoba, watu kumi na wawili wa mji mmoja wa bandari, miongoni mwao mwalimu mstaafu, mama mmoja fundi cherahani, wanafunzi wawili wa chuo, mzee aliyeunda majahazi Nungwi tangu ujana wake, na mimi niandikaye maneno haya, tulikutana barazani baada ya sala ya alasiri tukatunga barua ya kuomba idhini ya kuizuru meli ya abiria, si kwa kusafiri nayo, kwani kusafiri nayo tumesafiri mara zisizo idadi, bali kwa kuingia mle asimoingia abiria: chumba cha usukani, chumba cha mashine, na ngamani kabisa kama nafasi ingeruhusu. Jawabu la kwanza tulilolipata lilikuwa swali, nalo tuliulizwa kwa upole na kerani kijana aliyetuamkia kwanza kama impasavyo: “Shikamooni wazee wangu. Lakini huko chini mnataka kuona nini? Huko ni joto na mafuta tu.” Sikumlaumu, maana hakuna aliyemfundisha kwamba abiria ana haja na kitu kingine ghairi ya tikiti yake na kiti chake, ila swali lake sijaacha kulifikiri tangu siku ile, na haya niyaandikayo leo ndiyo jawabu langu kwake na kwa kila mwenye mamlaka juu ya meli na vivuko vyetu.

Watu wa pwani hawakuwa wageni wa matumbo ya vyombo. Jahazi liliundwa ufuoni, machoni pa kila mpitaji, na mtoto atokaye chuoni na juzuu yake kwapani alipita kando ya mkuku uliolazwa mchangani, akayaona mataruma yakisimamishwa moja baada ya moja, akawasikia makalafati wakigonga pamba iliyokolezwa mafuta baina ya ubao na ubao, na siku ya kukishua chombo aliitwa yeye pamoja na mji mzima kushika kamba na kuvuta. Kwa hiyo mtu aliyepanda jahazi alikijua alichokipanda, na kama alikihofia, alikihofia kwa maarifa. Ndiyo maana lugha yetu ina jina kwa kila kiungo cha chombo, omo na tezi, foromali na demani, ngama na farumi. Na ndiyo maana wahenga waliweza kusema kwamba tezi na omo marejeo ni ngamani, wakiwa na yakini kwamba hakuna msikilizaji atakayehitaji kuelezwa ngama ni nini. Leo hii kijana aliyevuka mara hamsini kwa boti ya mwendo kasi huenda akaijua maana ya methali hiyo, lakini ngama yenyewe haijui, kwa sababu hakuna aliyepata kumwonyesha.

Wapo wasemao kwamba sababu ni chuma: kwamba meli ya chuma huundwa mbali, katika nchi za watu, ikatufikia imekwisha kufungwa kama sanduku. Kauli hiyo ina ukweli, lakini si kamili, na ushahidi wa kuipinga uko Kigoma. Meli ya Liemba iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Goetzen, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo elfu tano, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa reli hadi ziwani, na huko mafundi watatu wa Kijerumani wakishirikiana na mafundi na vibarua wa Kiafrika na wa Kihindi wakaiunga upya, ribiti baada ya ribiti, ufuoni, mbele ya macho ya watu, kama lilivyoundwa jahazi. Ilishuliwa mwezi wa Februari 1915. Mwaka uliofuata, Wajerumani walipolazimika kuuacha mji, waliizamisha kwa makusudi karibu na mlango wa mto Malagarasi isije ikaangukia mikononi mwa adui. Lakini mafundi wale, kabla ya kuizamisha, walizipaka mashine zake shahamu nzito, kwa matumaini kwamba iko siku itainuliwa. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba, na kwa miongo mingi baada ya hapo ikawachukua watu na dagaa na mahindi kutoka Kigoma hadi Mpulungu. Kila nikiikumbuka meli hii, mawazo yangu hayaendi kwa majenerali waliopigana juu yake, bali kwa mikono ile iliyopaka shahamu mashine ambazo saa chache baadaye zingekuwa chini ya maji. Mkono wa namna hiyo haupatikani ila kwa mtu aliyeipenda mashine, na mapenzi hayo huanza kwa kuiona.

Ruhusa yetu ilikuja baada ya barua tatu na miezi mitano. Siku ya Jumanne, meli ikiwa imefungwa gatini kwa ajili ya usafi, tulipokelewa penye ngazi na serahangi, ambaye jambo la kwanza alilolitazama ni miguu yetu. Na alipowaona wanne wamevaa ndara, hakuwarudisha, bali alituma viatu vya mabaharia viletwe, hata fundi cherahani wetu akashuka tumboni mwa meli amevaa buti lililojazwa matambara vidoleni. Ngazi ya kushukia chumba cha mashine husimama karibu wima, na mtu huteremka ameielekea, mgongo nyuma. Chini tulimkuta fundi mkuu wa mashine, mtu wa makamo asiye na maneno mengi, aliyetuonyesha mashine mbili zilizolala sambamba, shafti zinazotoka kwazo kwenda kuzungusha rafadha, jenereta zinazotoa umeme wa meli nzima, na pampu za ngamani. Alituambia kwamba mashine inapokwenda yeye huipapasa kwa kiganja kila baada ya muda, kama mama apapasavyo paji la mtoto, kwa kuwa joto lisilo la kawaida hujulikana mkononi kabla halijatokea kwenye saa ya kupimia.

Mzee wetu wa Nungwi hakuzitazama sana mashine. Aliinama mpaka chini, akaangaza kwa tochi baina ya vyuma vilivyojipinda ubavuni, akanyamaza kitambo, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyekutana na nduguye ugenini, “Kumbe mataruma ni yale yale!” Toka hapo fundi mkuu akawa ni wake yeye. Mzee aliuliza farumi ya meli iko wapi, akaonyeshwa matangi. Na fundi akamweleza kwamba pale ambapo jahazi hutiwa mawe au mchanga ili lisiyumbe, meli hutiwa maji, yakahamishwa kwa pampu kutoka tangi hadi tangi kwa kadiri ya shehena ilivyokaa. Aliuliza maji yakiingia hufuliwa kwa upo gani. Akaonyeshwa pampu, na zaidi ya pampu akaonyeshwa kuta za chuma zinazoligawa tumbo la meli vyumba vyumba, ili chumba kimoja kikijaa vingine viendelee kuifanya ielee, maadamu milango yake imefungwa. Maneno hayo ya mwisho fundi aliyasema mara mbili. Nami naungama kwamba katika miaka yangu yote ya kusafiri sikuwa nimejua kwamba uhai wangu umetegemea mlango uliofungwa na mtu nisiyemjua, katika sakafu nisiyoiona.

Juu, katika chumba cha usukani, lililonishika si rada wala dira, bali jambo dogo: kwamba nahodha asimamapo pale hawezi kuiona sitaha ya nyuma walikojaa abiria. Hesabu ya watu huijua kwa karatasi aliyoletewa na kerani. Na karatasi ikisema uongo, nahodha anaendesha meli asiyoijua uzito wake. Wakati huo huo fundi cherahani wetu alikuwa sitahani akiyakagua makoti ya kuokolea, akigeuza mishono kwa vidole vyenye uzoefu wa miaka arobaini, na alipolipata moja ambalo uzi wake umeliwa na chumvi alimwita serahangi, akauvuta uzi, ukakatika. Naye serahangi, Mungu amlipe kheri, hakutahayari wala hakukasirika, bali alilitenga lile koti papo hapo akakagua na mengine yaliyokuwa karibu nalo.

Tulipokwisha kushuka gatini, fundi mkuu alitupeleka ubavuni akatuonyesha alama iliyochorwa juu ya chuma: duara lililokatwa katikati na mstari wa mlalo, na kando yake mistari mingine yenye herufi. Alama hiyo ni kazi ya Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza aliyewapigania mabaharia waliokuwa wakizamishwa kwa tamaa ya wenye meli, hata ikatiwa katika sheria mwaka 1876. Mistari ile huonyesha kikomo cha meli kudidimia kwa kadiri ya maji inayoelea, ya chumvi au matamu, na kwa kadiri ya bahari na majira; mstari uihusuo meli kwa safari yake ukizama, meli imepakiwa kupita kiasi. Hakuhitajiki cheti kuisoma. Mtu yeyote asimamaye gatini na macho yake mawili aweza kuisoma kabla hajapanda, iwapo amewahi kuonyeshwa mara moja katika maisha yake.

Sitaki kuyapita haya kwa haraka, kwa sababu maji yetu yana makaburi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, nayo ilikuwa meli ya abiria 430, ikapoteza watu wanaohesabiwa kwa mamia. Tarehe 10 Septemba 2011 Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, imejaa kupita kiasi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu 228. Na siku mbili baadaye, wakati matumaini yalikuwa yamekwisha, alitolewa humo mtu hai, naye alikuwa fundi wa mitambo, aliyejihifadhi ndani mahali palipobaki hewa. Sisemi kwamba ziara ya Jumanne moja ingeizuia misiba hiyo, maana wenye dhamana ni wale waliopewa dhamana, na mzigo wao hauhamishiki mabegani mwa abiria. Lakini kivuko kilichojaa kupita kiasi kila juma, machoni pa watu wanaojua kusoma ubavu wa meli, hakiwezi kuendelea hivyo kimya kimya kama kiendeleavyo machoni pa watu wasiojua.

Wenzetu wa mbali wameliona hili kwa njia ya mapenzi tu. Huko Scotland iko meli iitwayo Waverley, iliyoundwa Glasgow mwaka 1946 kushika nafasi ya meli ya jina hilo hilo iliyozamishwa Dunkirk mwaka 1940, na ambayo huendeshwa kwa mvuke na magurudumu mawili ya ubavuni. Wenyewe walipoiona haina faida tena, waliiuza mwaka 1974 kwa paundi moja kwa chama cha wapenda meli za namna hiyo, na chama hicho kikaihuisha, ikasafiri na abiria kwa miaka mingine mingi. Ndani yake njia za abiria hupita ubavuni mwa mashine, hata mtoto aweza kusimama na kuyatazama mapondo ya chuma yakipanda na kushuka, na fundi akiwa kazini mbele yake. Mashine haikupungukiwa na heshima kwa kutazamwa. Ilipata watetezi, nao ndio walioichangia fedha ilipohitaji matengenezo.

Najua litakaloletwa dhidi yangu, nalo ni ulinzi. Tangu tarehe 1 Julai 2004 kanuni za kimataifa za ulinzi wa meli na bandari zimewataka wenye meli wawe na hadhari juu ya nani aingiaye wapi, na hadhari hiyo naiheshimu. Wala siombi kwamba abiria apite chumba cha usukani meli ikiwa safarini. Ila kanuni za kusimamia maingilio si kanuni za kuyafunga milele, na meli iliyofungwa gatini siku ya usafi, wageni kumi na wawili walioandikwa majina na kukaguliwa, serahangi mbele na baharia nyuma, si hatari iliyokusudiwa kuzuiwa. Naomba basi kila mwenye meli ya abiria, awe mtu binafsi au serikali, kuanzia Kisumu hadi Mtwara, atenge siku moja katika kila mwezi, na nafasi za kwanza wapewe wanafunzi wa visiwani, wa Ukerewe na Mafia na Pemba, ambao shule na hospitali na harusi zao huvuka maji. Na fundi atakayewaongoza alipwe kwa kazi hiyo, kwa kuwa kufundisha ni kazi.

Sisi wenyewe tumekwisha kupeleka ombi la pili, kwa meli nyingine. Majina sasa yamefika ishirini na matatu, na viatu tumevikusanya mapema. Mzee wa Nungwi ameomba aje na mjukuu wake. Na jina la mwisho kuandikwa ni la mama mmoja muuza samaki, ambaye amevuka maji yale miaka thelathini na kapu lake, na aliyetaka kujua jambo moja tu kabla ya kuliandikisha, nalo ni kama ataruhusiwa kuugusa mkuku kwa ndani.