Wenye magari ya kasi wapewe pa kukimbizia

Gari lililochukua miaka gereji huisha kwa sekunde tatu. Wapenzi wa magari wanaifahamu hadithi hii. Mtu ananunua Subaru iliyotumika Japani, anabadilisha injini, anafunga turbo kubwa, anashusha springi, anang'oa siti za nyuma kupunguza uzito. Inafika siku ya kukimbiza kwa zamu, njia imefungwa na muda unapimwa. Anaingia kona, pedeli ya breki inazama, gari linatoka nje na kukunja pua. Mwenyewe anashuka mzima. Jioni picha zimeshasambaa na watu wanamcheka: hela zimemzidi, acha zimtoke.

Hatuungani na wanaomcheka. Huyo aliichukua kasi yake akaipeleka mahali ambapo hapakuwa na mtoto anayevuka kwenda shule. Wangapi wenye magari kama lake wamefanya hivyo?

Barabara ya Bagamoyo inatujibu kila usiku wa mwisho wa wiki. Ukitoka Dar es Salaam na kupita Tegeta na Boko, foleni inalegea. Bunju, Mapinga, Kerege, Kiromo: lami nzuri, mahali pengi imenyooka, na kijana mwenye gari jipya mkononi anaona ni kiwanja chake. Pembeni kuna bodaboda bila taa, mama anayefunga genge, bajaji inayogeuza ghafla, wafanyakazi wanaoshuka daladala gizani. Ni kijiji kilichojipanga kando ya lami karibu safari nzima. Kibao cha 50 hakikuwekwa pale kama pambo. Mwaka 2015 mwanafunzi aligongwa na gari Bunju akafa, na hasira za wananchi zikaishia kuchoma kituo cha polisi. Walioishi pale siku hizo hawahitaji kuelezwa gari moja linaweza kuvuruga nini.

Polisi wana tochi za kupimia mwendo, na madereva wana namna ya kuwashiana taa kuonyana kwamba tochi iko mbele. Tochi iendelee. Lakini anayepunguza mwendo kwa ajili yake, mita mia mbili mbele anakanyaga tena. Hamu ya kasi haikamatwi kwa faini peke yake. Inatakiwa ipewe mahali pake, penye uzio, saa na watu wanaoisimamia.

Kenya wameshaonyesha njia. Kwenye mashindano ya Kiamburing TT, kaunti ya Kiambu, kipande cha barabara ya lami hufungwa, magari hupanda moja moja, kila moja na muda wake. Magari ni yale yale tunayoyaona Masaki na Mikocheni: Subaru, Mitsubishi Evo, mengine yamefumuliwa na kuundwa upya na mafundi wa mtaani. Tofauti ni kwamba gari la mbele halikutani na lori la mchanga.

Na sisi si wageni wa michezo hii. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda East African Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiendesha Peugeot 404, gari ambalo siku hizo lilibeba familia sokoni. Barabara za vumbi za Bagamoyo zenyewe zimewahi kupitiwa na Rally of Tanzania. Chama cha AAT, kinachosimamia mbio za magari nchini, kinajua kazi ya kufunga njia na kuweka wasimamizi kwenye kona. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni siku na mahali kwa mtu wa kawaida asiye na timu wala mdhamini.

Kwa wenye magari tuna neno pia, na tunalisema kwa kuwa tunataka warudi nyumbani. Fedha zenu zinaanzia pasipostahili. Injini inapewa farasi mia tatu, breki zinabaki zile zilizokuja na gari kutoka Japani. Ukitoka kilomita 100 kwa saa kwenda 140, nguvu ambayo breki zinapaswa kuiua inakaribia kuwa mara mbili. Nguvu hiyo inageuka joto, na joto linaingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi 155. Sasa fikiria hewa yetu ya pwani, na chupa iliyofunguliwa ikakaa gereji tangu mwaka juzi. Mzunguko wa kwanza pedeli ngumu, wa pili inalegea kidogo, wa tatu unakanyaga mvuke mtupu. Dereva anasema breki zimekata ghafla. Hazikukata ghafla, zilimwambia mapema, kama angezisikiliza.

Kuna na hili la usukani. Wengi wanang'oa usukani wa kiwandani kwa sababu ule mdogo wa mbio unapendeza, na eabegi inaondoka nao. Wengine wanachomelea keji ya mabomba ya chuma ndani ya gari bila kuyavika sponji, kisha wanaendesha mjini bila helmeti. Bomba hilo lipo inchi chache kutoka kichwani. Keji bila siti imara, mikanda sahihi na helmeti ni chuma cha kukupasulia kichwa, na fundi anayeifunga bila kumwambia mteja hivyo anamkosea.

Bima nayo msijidanganye. Bima kubwa ya gari kwa kawaida haigusi hasara iliyotokea kwenye mashindano ya kasi. Soma mkataba kabla ya kuingia njiani, si baada ya kuita gari la kuvuta. Kama umebadilisha injini na kadi ya gari bado inataja ile ya zamani, una tatizo hata ukiwa unaenda dukani.

Hata mabingwa hufa. Riyaz Kurji wa Uganda alifariki 2009 kwenye Pearl of Africa Rally, mashindano rasmi yenye wasimamizi. Ndiyo maana hatutaki siku za kukimbiza zinazopangwa kwa simu, na gari la mtu likisubiri kufanywa ambulensi.

AAT, Kikosi cha Usalama Barabarani na halmashauri ya Bagamoyo wakae meza moja mwaka huu. Wachague kipande kimoja kisicho na makazi, wakifunge asubuhi za Jumapili chache kwa mwaka, watoze kiingilio kinacholipa gharama. Kila gari likaguliwe mafuta ya breki, mikanda na umri wa matairi kabla ya kuwashwa. Tarehe ya tairi imeandikwa ubavuni, haifichiki. Daktari awepo, ambulensi iwepo na dereva wake ndani. Mmoja wao asipofika, siku hiyo iahirishwe na kila mtu arudishiwe hela yake.