Kibali cha ujenzi Sumbawanga: Kontena nalo ni jengo

KATIKA miji mingi ya Tanzania, kontena la mizigo limekwisha kuacha kazi yake ya baharini. Limekuwa duka la dawa, ofisi ya wakala wa fedha, saluni, hata nyumba ya mlinzi. Nyuma yake yanakuja majengo yanayotengenezwa kiwandani vipande vipande, yakasafirishwa kwa lori na kuunganishwa kiwanjani kwa siku chache.

Mji wa Sumbawanga, ulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandari ya Dar es Salaam, hauwezi kukwepa mkondo huo, hasa baada ya barabara ya kutoka Tunduma kuwekwa lami katika miaka ya 2010. Swali linalopaswa kujibiwa mapema ni hili: je, mwananchi mwenye kiwanja Mazwi anayetaka kuweka jengo la namna hiyo anahitaji kibali cha ujenzi?

Wengi hujibu kwamba hahitaji. Hoja yao ni kwamba kitu kinachoweza kuinuliwa na winchi si jengo. Hoja hiyo inavutia, lakini haina mguu wa kusimamia. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inakataza kuendeleza ardhi iliyo ndani ya eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji. Kinachotazamwa ni uendelezaji wa ardhi na matumizi yake, wala si kama ukuta ni wa tofali la kuchoma au wa bati.

Kwa hiyo mlango ni ule ule. Mwombaji hupeleka halmashauri uthibitisho wa umiliki, stakabadhi ya kodi ya ardhi na michoro. Ombi hupitiwa na wataalamu wa mipango miji, ardhi, afya na uhandisi, na zimamoto panapohitajika. Siku hizi maombi huweza kupitia pia katika mfumo wa TAUSI ulio chini ya TAMISEMI.

Tatizo huanzia hapo. Kiwanda humpa mnunuzi mchoro wa bidhaa, yaani urefu, upana na mahali pa dirisha. Halmashauri inataka mchoro wa kiwanja: jengo litakaa umbali gani kutoka mpakani, maji machafu yataelekea wapi, msingi utakuwa wa aina gani. Karatasi hizo mbili hazijazoeana, na anayebaki katikati ni mwananchi.

Aidha, yako matumizi. Kiwanja kilichopangwa kwa makazi hakigeuki cha biashara kwa sababu tu duka limeshushwa juu yake likiwa tayari limepakwa rangi. Kubadili matumizi ya ardhi kuna utaratibu wake, nao si wa siku mbili.

Ikumbukwe pia kwamba hatari ya kifedha hapa ni tofauti na ile tuliyoizoea. Mjenzi wa tofali hujenga kidogo kidogo: msingi mwaka huu, ukuta mwakani, bati Mungu akipenda. Akikosea mapema, hupoteza kozi chache za tofali. Mnunuzi wa jengo la kiwandani hulipa sehemu kubwa ya fedha kabla ya jembe kugusa ardhi. Akinyimwa kibali, anabaki na tani za chuma zisizo na pa kukaa, na pengine mkopo unaosubiri marejesho.

Halmashauri nazo zina sababu ya kuwa na mashaka. Vibanda vingi vilivyoitwa vya muda vimezeeka pembezoni mwa barabara. Kanuni za barabara za mwaka 2009 zinaweka hifadhi ya mita 60 kwa barabara kuu na za mikoa, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Waliobomolewa kati ya Kimara na Kiluvya mwaka 2017 wanajua maana ya hifadhi ya barabara.

Lipo jambo zito zaidi kwa Ufipa. Tarehe 13 Desemba 1910, eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko lenye ukubwa wa 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa kuwahi kurekodiwa barani Afrika. Lile la Kagera la Septemba 10, 2016, lililoua watu na kubomoa nyumba nyingi, lilikuwa la 5.9 tu. Fremu ya chuma ikifungwa vema huweza kuhimili mtikisiko kuliko ukuta wa tofali usio na nondo. Lakini nguvu ya kontena iko katika nguzo zake nne za pembeni na kuta zake za mikunjo. Fundi akikata ukuta mzima ili kupata mlango mpana bila kuimarisha, au akiliweka juu ya mawe bila kulifunga, nguvu hiyo imekwisha. Hapo ndipo jicho la mhandisi linapohitajika, na kibali ndicho kinacholileta.

Ufumbuzi upo. Aina ya jengo la kiwandani ingeweza kukaguliwa na kuidhinishwa mara moja kitaifa. Halmashauri ikabakiwa na kukagua kiwanja, msingi na matumizi. Halmashauri nayo ibandike ubaoni orodha ya mahitaji ya majengo haya, ikieleza lini ni la muda na lini ni la kudumu.

Hadi hayo yatakapofanyika, mwananchi wa Mazwi aanzie ofisi ya mipango miji ndipo aende kwa muuzaji. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa chuma, ukishalipiwa, haurudishwi dukani.