Gauni la Video na Gauni la Harusi

Mimi napenda video za muziki, za zamani na za sasa, wala sifichi. Marehemu Bi Shakila, mzaliwa wa Pangani yetu hii, namtazama. Khadija Kopa na bintiye Zuchu nawatazama pia. Mwaka 2020 waliimba pamoja "Mauzauzo", taarabu ikakutana na Bongo Fleva.

Ila natazama kwa jicho la fundi. Kwenye taarabu za zamani mwimbaji kasimama, kamera imetulia. Unauona mkono wa gauni, pindo, na mtandio ulivyokaa. Video za sasa picha inapita sekunde mbili tatu. Gauni unaliona mbele tu. Nyuma huenda limebanwa kwa pini.

Bi harusi ananiletea picha hiyo kwenye simu, anataka lile lile. Mwenzangu, wewe utakaa nalo saa nyingi, utakumbatiwa na mashangazi, utakula, na Alasiri ikiingia utaswali. Likikuzuia kurukuu utafanyaje, na kitambaa pengine umekinunua kwa mkopo?

Chukua rangi, chukua nakshi ya shingoni. Mkato tuupange kwa mwili wako na stara yako. Siku ya kujaribu usisimame mbele ya kioo tu: inua mikono, kaa kitako, sujudu. Likikubali, namalizia pindo. Lisipokubali, tulifumue mapema, kabla kadi hazijagawiwa.