Mbele ya kununua mashine ya kutoboa, tuulize vumbi litaenda wapi

Mu maduka ya Bukavu, kuanzia Nyawera mpaka Kadutu, mashine ya kutoboa ya batri haikosekani. Iko ya buluu, ya kijani, ya manjano, ndani ya sanduku lake la plastiki, batri mbili na meshi zimepangwa vizuri pembeni. Muuzaji anaibonyeza, inalia, anasema: "Hii inaingia mu jiwe kama mu muhogo." PDG wa shimo analipa, mashine inapanda gari ya Kamituga, ya Nyabibwe ao ya Misisi. Kisha wiki chache, batri haishiki tena moto, ao moteri imeungua, na deni lingali palepale. Ndiyo maana wachimbaji wengi wanaulizaka: marke gani ni ya kweli?

Ulizo hilo ni la haki, na tutalijibu. Lakini liko lingine lenye kulitangulia, na hilo hatulisikii mu duka wala ku shimo: vumbi la hiyo mashine litaenda wapi, na nani atalilipia? Maoni yetu ni haya: mashine ya kutoboa jiwe isiyokuja pamoja na maji haijanunuliwa yote. Nusu ya bei yake imeachwa bila kulipwa. Nusu hiyo italipwa na mapafu ya mchimbaji, kisha na bibi yake na watoto wake.

Kwanza tujue tunanunua nini

Perceuse na perforateur si kitu kimoja, hata kama mu duka zinakaa meza moja na kufanana sura. Perceuse ya kawaida, hata ile yenye alama ya nyundo, inapigisha meshi kwa meno ya chuma yanayosuguana ndani. Hiyo inafaa kwa mbao, kwa chuma, kwa tofali. Perforateur iko na pistoni ndani yake. Pistoni inasukuma hewa, na hewa inapigisha nyundo ku mkia wa meshi. Njo ile inavunja jiwe. Ukiingiza perceuse mu quartz ya Kamituga, utamaliza meshi na kuchoma moteri mbele ya kupata tundu moja la maana.

Namna ya kuzitofautisha ni kutazama mkia wa meshi. Ya perforateur iko na mifereji, inaingia na kujifunga bila ufunguo. Ile ndogo inaitwa SDS-plus, mkia wake ni milimeta 10. Ile kubwa ni SDS-max, milimeta 18. Kisha uliza joule, maana joule ndiyo kipimo cha nguvu ya pigo moja. Perforateur ndogo ya batri inapiga joule 2 ao 3. Mashine kubwa za kubomoa zinapita 8. Muuzaji akikutajia tu mizunguko kwa dakika, anakujibu ulizo ambalo haukuuliza.

Sasa batri. Hapa hesabu ni ya shule ya msingi. Chukua volti, zidisha kwa zile ampea-saa zilizoandikwa juu ya batri. Batri ya volti 18 na ampea-saa 5 inabeba wati-saa 90. Mashine ikivuta wati 540, batri hiyo inaisha kwa dakika 10. Ile mashine kubwa ya wati 1,500 inayofungwa ku groupe, kwa saa moja tu inakula sawa na batri 17 za namna hiyo. Kwa hiyo mtu anayekuambia utafungua shimo mu jiwe gumu kwa perforateur ya batri, siku nzima, anakuuzisha ndoto.

Tena, tuangalie namba za uongo. Batri nyingi za mashine hizi ziko na seli tano zilizofuatana ndani. Seli moja ya lithiamu inatoa kama volti 3.6, na ikijaa kabisa inafika 4.2. Fanya hesabu: tano zinatoa volti 18, na zikijaa zinafika 21. Haziwezi kutoa 48 wala 88, hata kama namba hiyo imeandikwa kwa herufi kubwa za dhahabu. Batri iwe nzito mu mkono. Ile nyepesi kama kopo tupu, seli zake ni chache ao ni za kuokoteza.

Marke inakuja nyuma ya hayo yote, na tunaichagua kwa ulizo moja: ikiharibika, nani ataifungua hapa Bukavu? Batri yake inauzwa peke yake, bila kununua mashine yote? Vile vimakaa vya moteri, ambavyo mafundi wanaita charbon, vinapatikana? Mashine ya jina kubwa isiyokuwa na piesi mu mji ni chuma cha kupamba nyumba. Kutoka Kamituga mpaka Bukavu ni safari ya kilometa karibu 180 ku barabara ya taifa namba 2, na musimu wa mvua kila mtu anajua gari inalalaka wapi. Mashine inayongoja piesi mwezi mzima ingali inadai deni kila siku.

Kazi ya batri, na kazi isiyo yake

Hatusemi batri haina faida mu carrière. Iko na faida kubwa, lakini mahali pake. Boiseur anayetoboa miti ili kuifunga kwa bulo, anayetengeneza ngazi, anayefunga bati juu ya depo, huyo batri ni rafiki yake. Haina kamba ya umeme inayoburuzwa mu maji. Volti 18 si umeme wa 220 ambao ngozi ya kamba ikichubuka unaua mtu aliyesimama mu matope. Na batri haitoi moshi.

Moshi ni jambo la kusema wazi. Groupe haiingii mu shimo. Haikai hata ku mdomo wa shimo. Moshi wa groupe unabeba monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasikia kichwa kinauma, miguu inakuwa milegevu, anaketi kidogo apumzike, na haamki. Anayeshuka kumtoa anaanguka juu yake. Kama batri inachajiwa, ichajiwe kule juu, mbali, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na mashimo.

Vumbi haliangalii marke

Tufike sasa ku ulizo letu. Dhahabu ya Kamituga inakaa mu mishipa ya quartz, na quartz ni silika. Ukiitoboa kavu, inatoka vumbi jepesi sana. Lile unaloliona juu ya nyusi na mu nywele si baya zaidi. Baya ni lile usiloliona, linaloshuka mpaka chini kabisa ya mapafu na kubakia kule. Pafu linajifunga kwa makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosi. Hauna dawa ya kuuponya. Unaweza kuanza miaka mingi kisha kuacha kazi, na vumbi likiwa kali sana unaweza kuanza mapema. Tena unafungulia kifua kikuu mlango.

Watu watasema: mbona baba zetu walipiga nyundo na burin, na vumbi lilikuwako? Ni kweli. Lakini mkono unachoka, na mashine haichoki. Kazi ambayo nyundo ilifanya siku nzima, mashine inafanya kwa muda mfupi, na vumbi la siku nzima linatoka kwa muda huo mfupi, mu shimo lisilo na upepo. Faida ya mashine na hatari yake ni kitu kimoja: mbio.

Si sisi wa kwanza kujifunza hayo. Mwisho wa miaka ya 1800, mashine za kutoboa zilipoingia mu migodi ya Marekani, wachimbaji walizipa jina la "mtengeneza wajane". Dawa iliyopatikana haikuwa ya hospitali. Ilikuwa maji: fundi mmoja wa Colorado, John George Leyner, alitengeneza mashine inayopitisha maji katikati ya meshi, vumbi likawa tope palepale linapozaliwa. Mpaka leo mashine za kweli za mgodi, zile za hewa ya compresseur, zinatoboa na maji.

Afrika ya Kusini walijifunza kwa bei kubwa. Mwaka 2018 kampuni sita za dhahabu zilikubali kulipa wachimbaji wenye silikosi na familia zao, mpango wa rand bilioni 5 hivi, na mahakama ikaukubali mwaka 2019. Ulihusu watu waliotumika tangu 1965. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Lakini angalau kulikuwa kampuni zenye jina, zenye ofisi, zenye madaftari. Sisi huku, kisha miaka 20, mjane atamshitaki nani? PDG wa shimo atakuwa amehama, shimo litakuwa limejaa maji, na hakuna daftari linaloonyesha kama bwana yake alitumika pale. Kwa hiyo malipo yetu yanapaswa kutoka sasa, na yanatoka kwa sura ya maji.

Tarehe 11 Septemba 2020, shimo la Kamituga lilipobomoka kisha mvua kubwa, watu kama 50 walikufa na dunia yote ikasikia. Vumbi haliui namna hiyo. Linachukua mmoja hapa, mmoja kule, kila mmoja ku kitanda chake, na mtaa unasema alilogwa ao alikunywa sana.

"Maji yako mbali"

Jibu hilo tunalijua. Lakini mu mashimo mengi shida ni kinyume: motopompe inanguruma kutwa ili kutoa maji. Inawezekanaje tutoe mapipa ya maji asubuhi, kisha tukose lita chache za kulaza vumbi mchana? Haiombwi mto. Kwa mashine ndogo, mtu wa pili na pompe ya mgongoni, ile wanapulizia dawa mu mashamba lakini mpya, isiyowahi kubeba dawa, anatosha. Analowanisha jiwe mbele ya kuanza, kisha anapulizia polepole ku mdomo wa tundu, si juu ya moteri. Mashine ikiwa ya umeme wa groupe, hapo inahitaji fundi umeme wa kweli: disjoncteur différentiel, kamba nzima isiyofungwa kwa plastiki, mikono mikavu. Kama hayo hayako, maji na 220 havipatani, na kazi isianze.

Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi hilo. Maski inayosaidia iko na alama FFP2 ao FFP3, na haikai mwezi mzima. Hata hiyo inakuja nyuma ya maji, haichukui nafasi yake.

Tunajua pia hoja ya kijana: "Watoto wanakula leo, silikosi ni ya kesho." Hatumcheki. Lakini tumwambie kwamba mahali pengi bei ya mashine inatolewa ku mazao mbele ya kugawana. Maana yake mashine hiyo anailipa yeye pia. Aliyelipa ana haki ya kusema inunuliwe namna gani. Pompe na maski vinaweza kuingia ku hesabu ileile, pamoja na mafuta na meshi. Kwa nini mafuta ya groupe ni gharama ya kazi, lakini pumzi ya mtu si gharama ya kazi?

Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inasema uchimbaji wa mikono unatumia zana na njia zisizo za kiwanda. Basi kooperative inayotaka kuingiza mashine iende kwanza kwa SAEMAPE, iulize kwa barua na ipate jibu kwa barua. Kooperative ikinunua kwa pamoja, inapata pia nguvu ya kudai garanti na piesi ambayo mtu mmoja hapati.

Kwa bamama tunasema mambo mawili. Nguo za shimo zisikung'utwe ndani ya nyumba, ziloweshwe kwanza. Bamama wanaotwanga mawe nao wanavuta vumbi lilelile, na maji yaleyale yanawafaa. Na kikohozi kikipita wiki mbili, mtu aende ku sante, akitaja wazi kwamba anatoboa ao anatwanga jiwe. Dawa za kifua kikuu mu inchi yetu ni za bure.

Tunaomba basi kila kooperative iandike mistari mitatu mbele ya mashine kushuka: nani analeta maji na pompe; nani analipa maski na lini zinabadilishwa; groupe inakaa wapi. PDG atie sahihi, na chef d'équipe atie sahihi. Kama mmoja anakataa, mashine ibaki juu, na nyundo iendelee na kazi mpaka wakubaliane.