Chapeo Tununue, Mfarishi Tushone

Wanachama wenzetu na walimu wetu, mnakumbuka mkutano wa mwezi uliopita. Kamati ilileta ombi la kununua mtandaoni mavazi kamili manne ya vita kwa ajili ya usiku wetu wa utamaduni: deraya, kofia za chuma, ngao na panga, yote kwa pauni 480. Sisi watatu tunaotoka Neasden tulipiga kura ya kukataa. Mwenyekiti akatuuliza swali la haki: “Kama hamtaki kununua, mna njia gani nyingine?” Siku ile hatukuwa na jibu. Leo tunalo.

Kwanza tukumbushane kinachoandaliwa. Tutaghani sehemu ya Utenzi wa Tambuka, ambao nakala yake ya zamani ni ya Pate na ina tarehe ya mwaka 1728. Tumekubaliana kwamba hatutamwigiza Mtume wala masahaba wake. Wasomaji watasimama pembeni na kughani, na katikati watakuwepo wapiganaji wanne wasio na majina, wakicheza wawili wawili kwa zamu. Kwa hiyo mavazi si pambo tu. Kwa wazazi wasiofuata Kiswahili cha kale cha kaskazini, na kwa wenzetu wasiojua Kiswahili kabisa, mavazi ndiyo yatakayosimulia nusu ya kisa.

Sasa tazameni tena picha za mavazi tuliyotaka kuyanunua. Shati la chuma ni uzi uliofumwa na kupakwa rangi ya fedha. Joho ni jeusi na lina mwezi mwandamo mgongoni. Muuzaji ameliandika jina moja tu, “shujaa wa Mashariki”, kana kwamba Dameski, Delhi na Pate ni mtaa mmoja. Mmoja wetu analifahamu vazi la namna hiyo. Alipokuwa na miaka 13 alikwenda na darasa lake kwenye maonyesho ya ngome ya kale. Wenzake walipewa ngao na kofia, yeye akafungwa kitambaa kichwani na kuambiwa akae na mateka. Hakuna aliyemtukana. Walimpa tu kilichokuwemo sandukuni. Hapo ndipo hofu yetu ilipo: tukinunua sanduku lile lile kwa fedha zetu wenyewe, tutakuwa tumejifunga kitambaa kwa mikono yetu.

Wapo waliosema, “Basi tutengeneze kila kitu.” Tulijaribu, na tunataka kusema ukweli juu ya jaribio hilo.

Tulianza kwa kwenda kutazama. Kutoka stesheni ya Neasden unapanda treni ya Jubilee hadi Bond Street bila kubadilisha, kisha unatembea kidogo hadi Wallace Collection, Manchester Square. Kiingilio ni bure. Kuna vyumba vya deraya za Ulaya, na kuna deraya za Wahindi, Waajemi na Waturuki. Tuliinama mbele ya vioo mpaka mlinzi akaanza kututilia shaka. Tuliona kwamba mashati mengi ya pete yametengenezwa kwa uvumilivu usioelezeka: ncha za pete zimebanjwa, zikatobolewa, zikafungwa kwa kijisumari kisichozidi chembe ya mchele. Pete zinazouzwa kwa bei rahisi leo hazifungwi hivyo. Ncha zake zinagusana tu, na ukilivuta shati kwa nguvu zinafunguka.

Tuliporudi tulinunua waya wa chuma, tukauzungusha kwenye kipande cha nondo ya milimita 8, tukaukata, tukavaa miwani ya kukinga macho na kuanza kufuma gerejini, kila pete ikipita ndani ya pete nne. Kelele za magari ya North Circular zilitusindikiza. Watatu sisi, kwa saa tatu, tulifuma pete 900. Shati zima linaweza kuhitaji pete 25,000 hivi. Pigeni hesabu: pete 100 kwa saa kwa mtu mmoja, maana yake ni saa 250 kwa shati moja. Mitihani ni mwezi Mei. Tena shati la namna hiyo lina uzito wa kilo 10 au zaidi. Nani kati yetu atasimama nalo ukumbini akisubiri beti 60 zighaniwe?

Tulikata tamaa, na hapo ndipo jirani yetu alipoingia. Ni mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Kisumu na kufanya kazi ya cherehani Nairobi kabla ya kuhamia huku. Tunamwita Kaka, ambalo kwa Kigujarati ni amu, na kila tukiliita Kiswahili chetu kinacheka kidogo. Alisikia milio ya koleo, akaja kuuliza tunatengeneza nini. Tulimwonyesha picha ya vazi la vita la kitambaa, lile linaloshonwa kwa tabaka nyingi na kujazwa pamba. Askari wa zamani walilivaa chini ya chuma, na asiye na fedha ya chuma alilivaa peke yake. Tulihangaika kutafuta jina lake, tukasema “koti la kujazwa la kuzuia mapigo”. Kaka akatutazama.

“Nyinyi watoto, hii mfarishi tu. Mfarishi yenye mikono. Leteni marekani na pamba.”

Tunakiri kwamba neno mfarishi tulilisikia mara ya mwisho kwa bibi zetu, likiwa juu ya kitanda. Hatukujua kwamba linaweza kusimama na kwenda vitani. Jumamosi mbili zilizofuata alitufundisha kukata marekani tabaka nne, kutandaza pamba katikati, na kushona mistari ya wima iliyoachana kwa upana wa vidole vitatu ili pamba isihame ikajikusanya chini. Alitukaripia kwa mshono uliopinda, akaufumua mbele yetu. Ukilivaa koti lile huwezi kujikuna mgongo, lakini ukipigwa fimbo ya begani unasikia kishindo bila maumivu. Limetugharimu pauni 22.

Wenzetu wanaoona aibu kwamba shujaa wetu atavaa godoro, waende Makunduchi, Unguja, wakati wa Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa migomba, na wapo wanaojikinga kwa makoti mazito, hata kwa kofia za pikipiki. Hakuna anayewaambia kwamba si wa kweli. Wanajua wanachokumbuka, na wanakilinda kichwa kwa kile kilichopo.

Hapa tunafika kwenye hoja yetu kubwa, nayo inahusu maneno kuliko nguo. Wengi katika chama hiki tuna Kiswahili cha nyumbani: cha chakula, cha salamu, cha kugombezwa. Tukikutana na vita katika utenzi tunakimbilia kamusi, tunasoma maana, tunasahau. Lakini tangu tuanze kazi ya gereji, maneno yamepata uzito mkononi. Ngao ni neno letu la Kibantu. Dirii, lile vazi la kifuani ambalo waliokwenda kanisani wanalikumbuka kutoka Waefeso sura ya 6, asili yake ni Kiarabu. Chapeo, iliyo katika sura hiyo hiyo, imetokana na neno la Kireno la kofia. Wareno ndio hao walioshambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Walipoondoka, neno lilibaki. Mtu aliyesimama na ngao, dirii na chapeo amevaa historia ya pwani mwilini, na hakuna duka linaloweza kumuuzia hilo ndani ya sanduku.

Tuliulizwa pia: tunaigiza nani hasa? Kisa cha Tambuka ni cha Uarabuni na Warumi, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya nakala ile ya Pate. Je, tushone mavazi ya Warumi wa wakati ule? Tunadhani hapana. Mshairi wa Pate hakuwaona Warumi. Aliwavika kwa maneno aliyokuwa nayo. Sisi nasi tuwavike wapiganaji wetu kama mtu wa Pate angeweza kuwafikiria: kanzu, mfarishi, ngao ndogo ya duara, kilemba juu ya chapeo. Tuseme wazi kwenye karatasi ya programu kwamba haya ni makisio yetu, na tueleze tumeyapata wapi. Makisio yanayokiri kuwa makisio ni afadhali kuliko uongo wenye risiti.

Hata hivyo hatusemi kila kitu kitoke mikononi mwetu. Chapeo tununue. Kofia ya chuma iliyopinda vibaya au yenye bamba jembamba inaweza kumuumiza mvaaji kuliko fimbo yenyewe, na hakuna kati yetu anayejua kufua chuma. Wapo mafundi wanaotengeneza kofia za bamba la milimita 2 kwa ajili ya watu wanaopigana kweli katika maigizo ya historia. Tuwalipe kazi yao. Kwa kuwa wanacheza wawili kwa wakati, chapeo mbili zinatosha.

Tunalijua hili kutokana na jengo linaloonekana kutoka mtaani kwetu. Hekalu la Swaminarayan la Neasden, ambalo Kaka huenda kusali, lilifunguliwa mwaka 1995. Mawe yalitoka Bulgaria na Italia, yakasafirishwa hadi India yakachongwa na mafundi, yakaletwa hapa na kuunganishwa kipande kwa kipande. Waumini wengi, wakiwemo waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania, walijitolea katika ujenzi. Hawakujaribu kujifunza uchongaji wa mawe kwa mwaka mmoja, wala hawakununua hekalu la plastiki. Walijua kazi ya fundi iko wapi, na kazi ya mikono yao wenyewe iko wapi.

Kuhusu panga tuna neno moja zito. Tangu mwaka 2008, sheria ya Uingereza na Wales imezuia kuuza na kuingiza nchini panga zilizopinda zenye ubao wa sentimita 50 au zaidi, yaani vitara, ingawa imeacha nafasi kwa maigizo ya historia. Tunaweza kujitetea kwa nafasi hiyo mbele ya hakimu. Lakini sisi ni vijana wa Brent. Tumezika wenzetu wa shule, na tumesimamishwa na kupekuliwa tukiwa na mabegi ya vitabu. Hatutabeba kitu chenye umbo la upanga ndani ya basi saa nne ya usiku, hata kama ni butu, hata kama ni cha mbao. Wala hatutaki wadogo zetu walioko ukumbini wakishangilie. Tunapendekeza wapiganaji watumie fimbo, kama wachezavyo kirumbizi kule Lamu. Mchezo ule una hatua, una ngoma, una heshima kati ya wapinzani. Utapendeza kuliko panga za bati zinazopinda zikigongana.

Basi jibu letu kwa mwenyekiti ni hili. Mifarishi minne kwa pauni 22 kila mmoja ni pauni 88. Ngao nne za mbao zilizovikwa ngozi, kwa pauni 18, ni 72. Chapeo mbili kwa pauni 85 ni 170. Waya wa pauni 30 utatosha kufuma kola moja ya pete, ya kuonyesha na kupitishwa mikononi mwa wageni. Jumla ni pauni 360. Zinabaki 120, na tunaomba zinunue chakula cha Jumamosi za kushona, kwa sababu Kaka hafanyi kazi na watu wenye njaa.

Tunajua pingamizi litakalokuja: muda. Ni kweli, sanduku la mtandaoni linafika kwa siku tatu, na sisi tunahitaji Jumamosi sita. Lakini wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Sanduku likifika tutakuwa na mavazi. Jumamosi ya sita ikifika tutakuwa na mavazi, na watu kumi na wawili wanaoweza kusema kwa Kiswahili jinsi yalivyoshonwa.

Kura nyingine itapigwa Alhamisi. Tunaomba mtuunge mkono. Na hata ukipiga kura dhidi yetu, njoo Jumamosi na sindano yako. Mfarishi wa pili haujapata mkono wa kushoto.