Vifaa vya Mkono vya Kuziba Meno: Nafasi ya Kuokoa Jino Kabla ya Kung'oa

Makubaliano ya kukomesha matumizi ya amalgamu ya meno ifikapo mwaka 2034, yaliyofikiwa Novemba 2025 na nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki, yanagusa moja kwa moja huduma za kinywa nchini. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2020. Kwa wananchi wa Ndanda, Masasi na Newala, swali la msingi ni iwapo jino lililotoboka litazibwa kwa dawa nyingine au litang'olewa.

Sehemu ya jibu ilianzia hapa nchini. Katikati ya miaka ya 1980, Tanzania ilikuwa ya kwanza kujaribu kuziba meno kwa vifaa vya mkono pekee, bila mashine ya umeme, na mara nyingi bila sindano ya ganzi. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianza kuihimiza njia hiyo kimataifa.

Kila kifaa kina kazi yake. Kioo kidogo humwonesha mtaalamu sehemu zilizojificha. Patasi ya meno hupanua mdomo wa tundu. Kijiko chenye makali huondoa uozo laini na kuacha sehemu ngumu ya jino. Kibano hushika pamba inayozuia mate. Mwiko mdogo huchanganya glasi-ionoma, dawa isiyo na zebaki inayotoa floraidi ya kulinda jino, na kifaa bapa huishindilia na kuisawazisha kabla haijakauka.

Vifaa hivyo hubebeka hadi shuleni au katika zahanati na vinaweza kutakaswa kwa sufuria ya presha. Kwa familia za vijiji vya juu ya Uwanda wa Makonde, hiyo ni tofauti kati ya kutibiwa karibu na nyumbani na kuteremka hadi hospitali ya Ndanda, iliyo chini ya uwanda.

Hata hivyo, njia hii haifai kwa jino lenye usaha au lililooza hadi kwenye kiini. Aidha, kijiko butu hakisafishi tundu, na dawa ikikosekana kituoni, vifaa pekee havitoshi. Hivyo, mafanikio yatategemea vituo kuwa na dawa, vifaa vinavyonolewa na watabibu wa meno waliofunzwa, pamoja na wananchi kufika mapema, wakati tundu lingali dogo na jino halijaanza kuuma.