Ukuta wa Chuo na Mlango Uliorudishiwa

Upondo ni mti mrefu ambao wavuvi wa Pwani husukumia mtumbwi penye maji ya kina kifupi. Uswahilini Dar es Salaam umepewa kazi nyingine. Mwizi hufunga kulabu nchani, akaupenyeza usiku katikati ya nondo za dirisha na kuvuta suruali yenye simu au begi lenye kompyuta mpakato. Mwenye mali huamka asubuhi akidhani ameviweka pengine. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliopanga mageto Sinza, Msewe na Changanyikeni wana kila sababu ya kuuhofia. Wenzao wanaolala ndani ya chuo, nyuma ya geti na walinzi, hujiona wamenusurika.

Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Kwanza ipimwe hasara yenyewe. Mnufaika wa Bodi ya Mikopo hupewa Sh10,000 za chakula na malazi kwa siku, pesa ambazo wanafunzi wanaziita boom. Kompyuta ya Sh600,000 ni boom ya siku 60: miezi miwili ya kula na kulala imeondoka kwa usiku mmoja. Humo ndani kuna utafiti wa mwaka wa tatu ambao pengine haukuhifadhiwa kokote kwingine. Simu nayo haiibiwi peke yake, kwa kuwa laini iliyomo imebeba akaunti ya pesa, na isipofungwa kwa namba ya siri inahamia simu nyingine kwa dakika chache. Kuyaita haya mambo madogo ya hosteli ni kumkosea heshima mzazi aliyeuza magunia ya mahindi ili mwanawe aje chuoni na vifaa.

Vyuo vya Afrika Mashariki vina sababu nzito ya kuuamini ukuta. Alfajiri ya Aprili 2, 2015, magaidi wa Al-Shabaab walivamia chuo kikuu cha Garissa, Kenya, na watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Baada ya msiba huo kudai vitambulisho na kupekua mikoba getini kukawa jambo la lazima, na ilikuwa haki iwe hivyo. Lakini geti huuliza swali moja tu: wewe ni wa hapa? Mwizi wa hosteli anaweza kabisa kujibu ndiyo, na kitambulisho anacho mfukoni.

Ushahidi mchungu wa jambo hili uko mbali, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Aprili 5, 1986, Jeanne Clery, msichana wa miaka 19 aliyekuwa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Lehigh, aliuawa chumbani mwake bwenini. Muuaji alikuwa mwanafunzi wa chuo hichohicho, aliyeingia kuiba. Hakuruka ukuta wowote. Alipita milango mitatu iliyopaswa kujifunga yenyewe, ambayo wakazi wa bweni walikuwa wameizuia isifunge ili wenzao waingie na kutoka bila taabu. Wazazi wa Jeanne hawakuishia kulia. Walipigania sheria iliyopitishwa mwaka 1990, ambayo sasa ina jina la binti yao: chuo kinachopokea fedha za serikali kuu ya Marekani lazima kila mwaka, kabla ya Oktoba 1 kupita, kichapishe takwimu za uhalifu uliotokea katika maeneo yake. Kuvunja chumba ili kuiba ni sehemu ya hesabu hiyo. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Liberty kilitozwa faini ya dola milioni 14 kwa kuikiuka.

Sheria hiyo haijakomesha wizi Marekani. Ilichofanya ni kuondoa siri. Wapo watakaosema siri hiyo ina faida: chuo kinachoandika kila tukio kitaonekana pango la wezi, na jirani yake anayefunika kombe atapata wanafunzi wengi zaidi. Pingamizi hili lina uzito. Ndiyo maana wajibu wa kuchapisha takwimu hauwezi kuachiwa chuo kimoja chenye moyo. Hapa kwetu, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ndiyo yenye uwezo wa kuudai kwa wote, kwa fomu moja na tarehe moja.

Kuna jambo gumu zaidi, ambalo kila mwanafunzi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, analijua: kubebana. Hosteli za Magufuli zilipofunguliwa mwaka 2017 zilileta nafasi 3,840, na bado vitanda havitoshi. Aliyepata chumba humbeba aliyekosa. Wawili kitanda kimoja, funguo zikichongeshwa, mlango ukirudishiwa tu kwa sababu kuna mtu anakuja. Huu ni utu, na anayeulaani ajenge kwanza vitanda. Ila chumba cha wanne kikiwa na watu saba, hakuna anayejua nani alitoka mwisho. Adhabu ya kubebana huzidisha ubaya: aliyebebwa akiibiwa au akimwona mwizi atanyamaza, maana kuripoti ni kujitaja. Mwandishi huyu anaona afadhali mgeni wa chumba aandikwe jina kwa mlezi wa hosteli bila kuadhibiwa, na vitasa vibadilishwe kila mwaka wa masomo unapoanza.

Ukimya una hatari nyingine. Wanafunzi wasioamini kwamba malalamiko yao yataandikwa popote, siku wakimshika mtu watamaliza kazi wenyewe. Kelele za "mwizi!" koridoni usiku hazisubiri ushahidi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, vifungu vya 258 na 265, inamtaka mwizi afikishwe mahakamani, na kifungo kinaweza kufika miaka saba; haimtaki afe kwa mateke ya wanafunzi wa sheria na udaktari.

Gharama ya kuanza kuandika matukio haya ni karatasi. Hosteli gani, saa ngapi, mlango ulivunjwa au ulikuwa wazi, kitu gani kiliibwa, kilipatikana au la. Serikali ya wanafunzi ibandike ukurasa huo kwenye ubao wa kila hosteli wiki ambayo mwaka wa kwanza wanaripoti, wakati masanduku bado yapo koridoni na kufuli jipya bado lipo ndani ya pakiti yake.